Mstari mahali pa jina la baba

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Baba Mwinjilisti. Mimi ni msomaji wako wa huku Moshi Vijijini, nina miaka 41. Nilizaliwa nje ya ndoa. Mama alinipata kabla baba hajafunga ndoa na mama mwingine, nikalelewa kwa bibi mzaa mama. Baba hakunikana. Alinilipia ada mpaka darasa la saba, na Krismasi alikuwa akinitumia gauni.

Baba alipopata kiharusi, mke wake alikuwa ameshafariki, na ndugu zangu wanne wako Dar na Mwanza. Wakanipigia simu mimi. Nilifunga genge langu la nyanya na vitunguu nikahamia kwake, nikamuuguza miezi 14. Usiku nilikuwa namgeuza, asubuhi namwogesha, namlisha uji kwa kijiko. Maneno yalikuwa yamempotea, yakabaki machache sana, na mojawapo lilikuwa jina langu.

Alipofariki, siku ya mazishi ikasomwa historia ya marehemu. Nikasikia, "Ameacha watoto wanne na wajukuu tisa." Wakati ule nilikuwa nimebeba sufuria ya chai. Baada ya matanga kikaitishwa kikao cha ukoo, nikaambiwa nikae nje na wapishi. Kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, nyumba na ng'ombe wawili wamegawana wao.

Nilikwenda kwenye maombi. Mtumishi mmoja akasema mtoto wa Mfalme hateseki, nina laana ya kuzaliwa, nilete sadaka ya kukomboa urithi, shilingi 300,000. Mama mmoja wa kikundi chetu yeye akaniambia ninyamaze, eti Warumi 8:17 inasema tutarithi tukiteswa, kwa hiyo haya ndiyo ninayolipia urithi wa mbinguni. Halafu kuna Waebrania 12:8, pale palipoandikwa "wana wa haramu". Nikifika hapo huwa nafunga Biblia.

Naomba unijibu. Mimi ni mwana wa Mungu au siye? Mateso ndiyo yanayomfanya mtu awe mwana? Na juzi ndugu zangu wametuma ujumbe kwamba kaburi litajengewa na kuwekwa tailizi, "kila mtoto achange 150,000." Nichange?

Mwenye genge


JIBU

Binti yangu, barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kila nikiisoma nasimama pale ulipokuwa na sufuria ya chai mikononi. Kabla sijagusa Warumi wala Waebrania, kuna jambo langu mwenyewe ambalo lazima nikueleze, maana nisipolisema sitakuwa na uso wa kukujibu.

Nilifanya kazi ya uinjilisti miaka 31. Katika kazi hiyo nilijaza vitabu vya ubatizo. Kitabu kina safu zake: namba, jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina la baba, jina la mama, wasimamizi. Mtoto akiletwa na mama peke yake, nilichukua rula na kalamu ya wino mweusi, nikapiga mstari mahali pa jina la baba. Mstari ulionyooka vizuri. Niliona natunza kitabu kiwe safi. Mwaka mmoja akaja msichana anayetaka kufunga ndoa, amekuja kuchukua cheti chake. Nilipofungua ukurasa, akaweka kidole juu ya ule mstari akaniuliza, "Na huyu ni nani?" Nilikaa kimya. Nilijua vizuri baba yake ni nani. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya yetu. Tangu siku ile sikupiga tena mstari kabla ya kwenda mwenyewe kumtafuta mwanamume na kuzungumza naye. Wengine walikubali kuandikwa, wengine walinifukuza. Lakini ile mistari ya miaka ya mwanzo ipo bado, mingine imo mikononi mwa watu wazima kama wewe. Kwa hiyo ninapokujibu, najibu kama mtu aliyeshika rula. Nakuomba radhi.

Sasa Warumi 8:17. Yule mama wa kikundi chenu ameuchukua mstari huo kutoka mkiani. Rudi nyuma mistari mitatu usome kwa utaratibu, kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisomeana kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Mstari wa 14 unasema wanaoongozwa na Roho wa Mungu ndio walio wana wa Mungu. Wa 15 unasema tumepokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba. Wa 16, Roho mwenyewe anashuhudia kwamba sisi tu watoto. Ndipo wa 17 unapoingia: "na kama tu watoto, basi, tu warithi." Umeona? Uwana umeshatangulia, urithi ukafuata, na mateso yametajwa mwisho kabisa, kwa mtu ambaye tayari yumo ndani ya nyumba.

Na hapo penye mateso kuna neno dogo ambalo msomaji wa haraka analiruka: "pamoja". Tunarithi pamoja na Kristo, tunateswa pamoja naye, tunatukuzwa pamoja naye. Mara tatu katika mstari mmoja. Paulo anazungumzia watu wanaokaa nyumba moja na kaka yao, na anayekaa nyumba moja na mtu hukohozwa na moshi wa jiko lile lile.

Lakini mfano bora kuliko wowote ninaoweza kuutunga umeuandika wewe mwenyewe. Miezi 14 ulimgeuza mzee wako usiku. Niambie, ulimwogesha ili uwe binti yake? Ulikuwa binti yake tangu siku uliyozaliwa, na ndiyo maana simu ilipopigwa ulifunga genge. Shuka ulizofua hazikukupa baba. Kwa sababu una baba, zikakupata za kufua. Mateso ya mwana wa Mungu yamekaa hivyo hivyo. Anaumia kwa kuwa ni wa nyumba ile, na hakuna anayeingia nyumba ile kwa kuumia.

Mwalimu wetu wa chuo cha Biblia alitufundisha jambo moja ambalo sijalisahau. Barua ile iliandikwa kwa Wakristo wa Rumi kama mwaka 57, na aliyekaa kwenye kiti cha enzi mjini kwao wakati huo alikuwa Nero. Nero hakuwa mtoto wa kumzaa wa Kaisari Klaudio aliyemtangulia. Klaudio alimwasili, yaani alimfanya mwanawe kisheria, mwaka 50, ingawa alikuwa na mtoto wake wa kiume wa damu, Britannicus. Klaudio alipokufa mwaka 54, aliyerithi dola yote ni yule wa kuasiliwa, kijana wa miaka 16. Kwa hiyo Paulo alipoandika "kufanywa wana", mtu wa Rumi hakuwaza mtoto wa huruma anayepewa godoro jikoni. Aliwaza mrithi kamili, ambaye hakuna kikao kinachoweza kumtoa nje. Kwa Warumi waliokuwa wakiasiliwa hivyo kwa kawaida ni wanaume. Paulo akalichukua neno hilo akawapa wote, na barua yenyewe wengi tunaamini ilibebwa na mwanamke, Fibi wa Kenkrea, anayetajwa mwanzoni mwa sura ya 16. Kiswahili chetu hapa kimetusaidia sana. Tukisema "wana", binti yumo, hatuhitaji kuongeza neno.

Na hilo neno "Aba". Ni neno la nyumbani, la Kiaramu, lugha aliyokua nayo Yesu. Katika Injili zote nne limeandikwa mara moja tu, Marko 14:36. Yesu yuko Gethsemane usiku, wanafunzi wamelala, anaomba kikombe kimwondokee. Hatulisikii siku ya arusi ya Kana, wala siku ile alipoingia Yerusalemu watu wakitandaza nguo njiani. Tunalisikia usiku wa hofu, linasemwa na Mwana mwenyewe ambaye hakuna atakayesema si wa halali. Yule mtumishi aliyekwambia mtoto wa Mfalme hateseki, muulize, basi yule wa Gethsemane alikuwa mtoto wa nani?

Niseme na habari ya zile shilingi 300,000, na nitasema waziwazi. Usizipeleke. Kama ulishapeleka sehemu, usiongeze. Urithi haununuliwi na mrithi. Waebrania sura ya 9 inaeleza kwamba wosia hupata nguvu mwenye wosia akifa. Aliyekuandikia wosia huu ameshakufa, Ijumaa, nje ya mji, na akafufuka kuusimamia mwenyewe. Hakuna ada iliyobaki. Naumia sana nikisikia watu wanaosimama mlangoni pa nyumba ya Baba wakikusanya kiingilio kwa watoto, tena wanachagua wale waliofiwa juzi.

Tuje kwenye mstari unaokufungisha Biblia. Nataka uufungue leo, tuusome pamoja.

Waebrania 12 inasema Bwana ampendaye humrudi. Vijana wa leo wakisikia "kurudi" wanawaza basi la kurudi Dar. Kwa Kiswahili cha wazee, kumrudi mtoto ni kumkanya, kumnyoosha, kushughulika naye mpaka akae sawa. Katika dunia ya zamani baba alijishughulisha hivyo na mtoto aliyekusudia kumrithisha. Aliyezaliwa pembeni aliachwa akue kama magugu, hakuna aliyejali akipotea. Mwandishi anachukua desturi ile kuwafariji Wakristo waliochoka kwa dhiki: mnaumia, basi msidhani mmetupwa, Baba yenu anashughulika nanyi. Anawaambia kwamba wao si "wana wa haramu". Hazungumzii cheti cha ndoa cha mama yako.

Nimejuaje? Fungua ukurasa wa nyuma yake tu, sura ya 11, mstari wa 32. Pale mwandishi yule yule anataja mashujaa wa imani: Gideoni, Baraka, Samsoni, Yeftha. Simama kwa Yeftha. Habari zake zimo Waamuzi 11. Baba yake Gileadi alimzaa na kahaba. Watoto wa mke wa ndoa walipokua wakamfukuza, wakamwambia hatarithi katika nyumba ya baba yao kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine. Ni maneno ya kikao chenu, binti yangu, yamesemwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Akakimbilia nchi ya Tobu. Vita ilipowazidi, wazee wa Gileadi walimfuata huko huko kumsihi arudi awaongoze, naye akawauliza: si ninyi mlionifukuza, mbona mwanijia sasa mlipo taabuni? (Habari ya nadhiri yake baadaye ni huzuni nyingine, leo siigusi.) Mwandishi wa Waebrania aliijua hadithi hiyo nzima, na akamwandika Yeftha kwenye orodha ya watu wa imani kwa jina lake. Mtu aliyefanya hivyo hawezi, mistari michache mbele, kukufungia wewe mlango. Soma 11:32 kwanza, ndipo usome 12:8. Nadhani hutafunga tena.

Kuna ndugu wa Kahama naye aliniandikia mwezi huu, karibu swali hili hili limepinduliwa: maisha yake ni mazuri, duka linakwenda, watoto wazima, na ana hofu kwamba si mwana kwa kuwa hateswi. Kwako ndugu, mshukuru Mungu ulale. Usitafute mateso. Tafuta jirani yako aliyelala kitandani ukamgeuze, utayapata ya kutosha.

Narudi kwako, kwenye ushauri wa kunyamaza. Yule mama naamini alikuwa na nia njema. Wengi wa umri wake walinyamaza maisha yao yote na wanataka kuamini kwamba kulikuwa na faida. Ila mateso ya pamoja na Kristo ni kitu kimoja, na dhuluma ya ndugu ni kitu kingine. Ya kwanza unayavumilia. Ya pili unaruhusiwa kuikataa. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, "wanipigia nini?" Paulo, huyu huyu wa Warumi 8, alipigwa bakora mara tatu na kupigwa mawe mara moja, lakini alipoona hukumu yake inataka kupindishwa alikata rufani kwa Kaisari, na Kaisari wa siku zile alikuwa Nero. Wala hakuacha kuwa mrithi pamoja na Kristo kwa sababu ya kukata rufani.

Tena wapo mabinti watano wa Selofehadi, Hesabu 27. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Hawakubaki nje na wapishi. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na Eleazari kuhani na wakuu na mkutano wote, wakasema: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa akalipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki. Yoshua 17 inasema wakapewa sehemu yao. Mungu angeweza kuwaambia wanyamaze, urithi wao uko mbinguni. Hakuwaambia.

Basi nenda. Mimi si wakili, ila nilikaa miaka sita kama mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, na mashauri ya mirathi niliyaona mengi. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu msimamizi. Anayemteua ni mahakama. Uliza pale kama maombi yameshafunguliwa. Kama bado hajateuliwa, una haki ya kuweka pingamizi na kueleza kwamba wewe ni mtoto wa marehemu na umeachwa nje. Kama ameshateuliwa, kumbuka msimamizi si mwenye mali. Anadaiwa kuleta mahakamani orodha ya mali na madeni, na hesabu ya namna alivyogawa, nawe unaweza kulalamika mbele ya hakimu. Chukua cheti chako cha kuzaliwa, kadi ya kliniki kama bibi aliitunza, risiti za ada zenye jina la baba, na majirani wawili waliokuona ukimuuguza. Tafuta msaidizi wa kisheria wa wilaya, huduma yao ni ya bure. Na ule ujumbe wa simu usiufute hata kwa hasira. "Kila mtoto achange." Kwenye mazishi mlikuwa wanne, kwenye mchango mmekuwa watano, na wameandika kwa mkono wao.

Sikuahidi kwamba utashinda. Nimeona wenye haki wakitoka mahakamani wakilia. Kihamba kinaweza kukupita, na sitakudanganya kwamba hakitauma kila utakapopita njia ile ukaona migomba uliyoipalilia. Hapo ndipo "kufanywa wana" kunapobeba uzito wake, maana mstari wa 23 wa sura hiyo hiyo unasema hata sisi tuliopokea Roho tunaugua, tukitazamia kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu. Tumeshafanywa wana, na bado tunangoja. Waefeso 1:14 inamwita Roho "arabuni" ya urithi wetu. Neno hilo wafanyabiashara wa genge mnalijua. Mteja anayetaka gunia zima anaacha arabuni, gunia linakuwa lake, ingawa kulibeba ni kesho. Paulo kwa Kigiriki aliandika neno lile lile, lililotoka kwa wafanyabiashara wa Mashariki ya Kati, nasi likatufikia kwa njia ya Waarabu. Ukiwa kitandani usiku huna neno lingine ila "Baba", hiyo ndiyo arabuni. Mtu asiye mwana halimtoki.

Nikuulize kitu. Mzee wako alipopotewa na maneno yote, akabaki na jina lako, yule aliyesoma historia ya marehemu alikuwa wapi?

Kaburi. Changa, kama unazo. Usikope. Kama unazo 40,000, peleka hizo, na uandike kwenye ujumbe: "Mchango wangu kwa kaburi la baba." Kuchanga hakufuti madai yako mahakamani, na usikubali mtu akuambie kunayafuta. Ni baba yako, alikutumia gauni. Siku ya kujengea nenda ukasimame karibu, usiende jikoni. Umepika vya kutosha.

Pengine watu watakushauri upeleke sale, lile jani la Wachaga la kuombea msamaha, kwa kaka zako ili yaishe. Wewe ni mtoto wa mlimani, unajua jani la sale hupelekwa na aliyekosa. Hukukosa, usilibebe. Wakilileta wao, hata baada ya miaka kumi, lipokee kwa mikono miwili.

Na kwenye ofisi ya usharika ulikobatizwa, omba wakufungulie kitabu. Kama mahali pa baba pana mstari, omba kuonana na mchungaji, umweleze kama ulivyonieleza mimi, uwe na mashahidi wako. Wapo wanaokubali kuandika maelezo pembeni ya ukurasa kwa wino na kutia sahihi. Mimi nimetia sahihi kwenye kurasa saba kabla ya kustaafu.

Hukusema kama genge umelifungua tena. Niandikie unijulishe.